Programu ya kuchorea pateni za ngozi kwa gharama ndogo: mwongozo kwa mafundi wa Mtwara na Lindi

Ngozi nyingi tunayoifanyia kazi Mtwara na Lindi inatufikia kwa basi au lori kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500 kwa anayeishia Mtwara Mjini, na bei yake inapanda kila inapobadilisha mikono. Moshi wana kiwanda cha ngozi pale Karanga. Mwanza wana kampasi ya DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) inayofundisha teknolojia ya ngozi. Sisi kusini tuna korosho, tuna ufuta, tuna wachongaji wa Kimakonde, lakini ngozi nzuri tunaisubiri. Kwa hiyo kipande kikikatwa pungufu kwa milimita nne, hasara yake huku ni nzito kuliko inavyoonekana mezani. Karatasi ndiyo rahisi kwetu, na majaribio yote yaishie huko.

Pateni ya mkono, yaani kielelezo cha karatasi cha kukatia ngozi kilichochorwa kwa mkono, ina heshima yake, na fundi mwenye jicho anaweza kula nayo maisha yake yote. Kompyuta inaanza kulipa pale mteja anapotaka waleti thelathini zinazofanana, au anaporudi mwaka unaofuata kutaka ileile ila yenye mfuko mmoja zaidi. Mchoro uliohifadhiwa haupindi, haulowi mvua, na ukitaka kuongeza milimita tatu unabadili namba moja tu.

Msimamo wangu nauweka mbele kabisa: usianze kwa kuchagua programu, anza na printa. Programu inayokutolea mstari wa milimita 100 ukiwa milimita 100 kwenye karatasi ya steshenari uliyoizoea, hiyo inakufaa, hata kama sura yake ni ya kizamani. Inayoshindwa hapo haikufai, hata kama wabunifu wa dunia nzima wanaisifia.

Hatua ya 1: Pima printa kabla ya kupakua chochote

Fungua programu yoyote uliyonayo sasa, hata LibreOffice Writer ya kuandikia barua. Chora mraba wa sentimita 10 kwa 10, uhifadhi kama PDF, weka kwenye flashi, nenda steshenari. Karatasi ikitoka, pima kwa rula ya chuma upana na urefu, pande zote mbili.

Ukipata 100 kwa 100, umepata mahali pa kufanyia kazi. Ukipata 97 au 94, usiilaumu printa. Printa nyingi haziwezi kuweka wino hadi ukingoni mwa karatasi, zinaacha milimita kadhaa kila upande, na kompyuta ikiona hivyo inaubana ukurasa mzima ili uenee. Kwa barua ya maombi ya kazi hakuna anayegundua. Kwa waleti, kadi haitaingia.

Dawa iko kwenye dirisha la kuprinti. Kwenye Adobe Reader, ambayo ni ya bure na steshenari nyingi wanayo, kuna sehemu ya ukubwa wa ukurasa: chagua "Actual size", usichague "Fit". Faili likifunguliwa kwa Chrome, tafuta sehemu ya kipimo na uweke 100. Tatizo ni kwamba wewe si unayeshika panya. Anayeshika ni kijana wa steshenari mwenye foleni ya watu wanaotaka kopi za vyeti. Mwambie mapema na umweleze sababu: "Dada, naomba unifungulie hili kwa Adobe Reader, uweke Actual size, usiweke Fit. Ni kipimo cha kukatia ngozi, kikibanwa kidogo tu kazi yangu inaharibika." Ukieleza hivyo mara ya kwanza, mara ya pili atakukumbuka. Toa ukurasa mmoja kwanza, upime palepale kaunta, ndipo utoe zilizobaki.

Ikiwa upana ni sahihi lakini urefu unazidi au kupungua kwa zaidi ya milimita moja, hapo ni mashine yenyewe inavuta karatasi vibaya. Tafuta duka jingine. Nusu milimita inavumilika kwa kazi nyingi za ngozi.

Na faili lako lifike likiwa PDF. Picha ya JPEG haibebi milimita kwa uhakika, na faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine linaweza kupangika upya. Ukilazimika kutuma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, usitume kama picha, maana picha zinapunguzwa njiani.

Hatua ya 2: Jua unachotengeneza zaidi

Si kila kazi ya ngozi inahitaji programu ileile, na nyingine hazihitaji kabisa. Mkanda wa kiunoni ni mstatili mrefu. Unachohitaji kuchora ni ncha yake na mpangilio wa matundu, ambayo kwa kawaida huwa matano yenye nafasi ya milimita 25 kutoka moja hadi jingine. Kipande hicho kinaenea kwenye A4, na mwili wa mkanda unapimwa kwa rula ndefu.

Waleti, vishika kadi, mifuko ya simu na vishikio vya funguo ndiyo kazi inayofaidika zaidi. Vipande vyake ni vidogo, vina pembe na matundu mengi, na vinatakiwa kukutana bila kuhitilafiana. Mikoba nayo inafaidika, ila vipande ni vikubwa kuliko A4 na itabidi kuunganisha karatasi.

Makubazi yana mistari ya kupinda isiyo na kanuni, kwa sababu mguu hauna kanuni. Hapo unahitaji programu inayochora mipindo vizuri na inayogeuza mguu wa kulia kuwa wa kushoto. Viatu vya kufunika, vinavyovutwa juu ya kalibu, yaani umbo gumu lenye mfano wa mguu, ninashauri uviachie mkono: funika kalibu kwa utepe wa karatasi, chora mistari juu yake, ubandue, ulaze kwenye manila. Programu zinazoweza kulaza umbo la kalibu zipo, lakini ni za viwanda na bei yake ni ya viwanda.

Hatua ya 3: Orodhesha inachopaswa kufanya

Programu za kuchora ziko za aina mbili. Moja inahifadhi vitone vya rangi, kama picha ya simu. Nyingine inahifadhi mistari yenyewe, na mstari unabaki mstari hata ukiukuza mara kumi. Pateni inataka hiyo ya pili. Ndiyo maana Photoshop, pamoja na umaarufu wake wote, haimo kwenye mwongozo huu.

Zaidi ya hapo, hakikisha unaweza kuandika kipimo kwa namba katika milimita badala ya kuvuta kwa panya ukikisia. Hakikisha inaweza kutengeneza mstari sambamba na ukingo, kwa mfano milimita 3 ndani, maana huo ndio mstari wa mshono. Iweze kurudia tundu moja mara nyingi kwa nafasi sawa, na kugeuza umbo kama kwenye kioo. Iwe na matabaka, ili mistari ya kukata ikae peke yake na ya mshono peke yake. Na itoe PDF yenye ukubwa halisi. Mapambo mengine yote, rangi zinazoyeyuka, vivuli, maandishi ya kung'aa, ni ya watu wa mabango.

Hatua ya 4: Chagua

Kwa mafundi wengi jibu langu ni Inkscape. Ni ya bure na chanzo chake kiko wazi. Ilianza mwaka 2003, toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 2020, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Inachora mipindo vizuri sana, kwa hiyo makubazi na mikoba yenye mabega ya mviringo yanakaa humo bila shida. Ina kitu cha kugeuza kioo ambacho kinakuwezesha kuchora nusu tu ya kipande, nusu ya pili ikajichora yenyewe unapoendelea. Kwa vipande vinavyolingana pande zote, hiyo peke yake inatosha kukufanya uisakinishe.

Inkscape ina jambo moja la kurekebisha siku ya kwanza. Ikipima umbo, inahesabu na unene wa mstari uliouchorea. Mstatili wa milimita 98 wenye mstari wa milimita 1 unasomeka 99, na anayeanza anakesha akitafuta milimita imetoka wapi. Nenda kwenye mapendeleo, sehemu ya zana, ubadilishe "Visual bounding box" kuwa "Geometric bounding box". Kisha fanya mistari yako iwe myembamba, milimita 0.2 inatosha kuonekana na kisu kinajua pa kupita.

La pili linahusu mafaili ya kupakua. Pateni za bure ziko nyingi mtandaoni, na nyingine zimechorwa kwa Illustrator, programu ya kulipia ya Adobe, zikahifadhiwa kama SVG, aina ya faili linalobeba mistari yenyewe. Illustrator inahesabu vitone 72 kwa inchi, Inkscape inahesabu 96, kwa hiyo mchoro unaweza kufunguka ukiwa robo tatu tu ya ukubwa wake. Ukiona pateni ya waleti ina upana wa milimita 75 mahali palipotakiwa 100, sababu ni hiyo. Uzidishe kwa asilimia 133.33, halafu uthibitishe kwa kipimo unachokijua.

LibreCAD ni ya bure pia, nyepesi, ndogo kwa kupakua, na imetengenezwa kwa michoro ya kiufundi. Aliyesoma uchoraji VETA ataizoea haraka. Huku hakuna kuvuta umbo kwa panya, unaandika namba, unasema mstari sambamba kwa milimita 3, unapata. Kurudia matundu ni rahisi kuliko kwenye Inkscape: unachagua tundu moja, unasema linakiliwe mara 23 kwa umbali wa milimita 4, basi. Kwa mtu wa waleti na vishika kadi, ambaye kazi yake yote ni mistari iliyonyooka na pembe za mviringo, ningeiweka mbele ya Inkscape. Kwa makubazi itakuchosha. Kabla ya kuanza angalia mchoro umewekwa katika milimita, na wakati wa kuprinti kipimo kiwe 1:1.

LibreOffice Draw inakuja pamoja na LibreOffice, kwa hiyo wengi wanayo bila kujua. Inapokea vipimo kwa milimita na inatoa PDF safi. Kwa laptopu iliyochoka, na kwa mtu anayechora vipande vichache, inatosha kuanzia leo hii. Utaikimbia utakapotaka mstari wa mshono unaofuata mpindo.

Seamly2D ni ya mafundi cherehani, pateni yake inafuata vipimo vya mwili, na ukibadili kipimo mchoro mzima unabadilika. Kama unashona aproni au jaketi za ngozi, itazame. Kwa waleti ni kazi kubwa bila faida. FreeCAD ina nguvu nyingi na ni ya bure, lakini inataka muda wa kujifunza ambao fundi mwenye oda hana.

Sasa za kulipia. Illustrator unailipia kila mwezi au mwaka, na ukiacha kulipa huendelei kuitumia. Kwa biashara ya ngozi peke yake siipendekezi kwa mtu anayeanza. CorelDRAW ipo kwenye maduka mengi ya mabango na fulana, na kama ndugu yako anaijua na anayo kihalali, inachora pateni vizuri. Affinity Designer ilijulikana kwa kuuzwa kwa malipo ya mara moja, kisha mwaka 2024 kampuni yake ikanunuliwa na Canva, na mwaka 2025 ikafanywa ya bure kwa mwenye akaunti ya Canva, kwa hiyo masharti yake yasome upya kwenye tovuti yao siku unayotaka kuichukua. Canva yenyewe unaweza kuipa ukurasa wa milimita, lakini haikuundwa kwa mstari wa mshono na matundu. Iache itengeneze lebo na matangazo yako.

Kuhusu programu zilizovunjwa kufuli, zile zinazouzwa kwenye flashi: ziache. Faili la kuvunjia kufuli ndilo mlango ambao virusi wanapitia, na laptopu hiyohiyo ndiyo yenye picha za kazi zako na namba za wateja wako. Hakuna sababu ya kujiweka hapo wakati Inkscape na LibreCAD unaweza kuzipakua mara moja na kumnakilia mwenzako Masasi au Nachingwea kwa flashi, kihalali kabisa, kwa sababu leseni zake zinaruhusu kugawana.

Hatua ya 5: Kama laptopu ni dhaifu au huna

Laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 inatosha kwa Inkscape ukifunga vivinjari na muziki. Ikiwa chini ya hapo, nenda LibreCAD. Pakua kutoka tovuti rasmi ya programu yenyewe. Tovuti nyingine zinakubebesha vitu usivyoomba. Faili la kusakinishia Inkscape linazidi MB 100, kwa hiyo panga bando lako.

Inkscape ina pia toleo la kubebeka linaloishi kwenye flashi bila kusakinishwa. Hilo ni msaada mkubwa kwa anayefanya kazi kwenye kompyuta ya ofisi ya ndugu au ya chuo: unachomeka, unachora, unahifadhi kwenye flashi hiyohiyo, unaondoka. Weka nakala ya pili kwenye barua pepe yako, maana flashi zinapotea na zinaharibika.

Umeme ukikatika mchoro haujahifadhiwa, kazi inapotea. Washa uhifadhi wa kujiendesha kwenye mapendeleo na uuweke kila dakika tano, hata kama betri yako bado inashika.

Kwa mwenye simu tu, ukweli ni kwamba kidole ni kinene kuliko milimita 3. Concepts inakubali vipimo halisi na inaweza kutumika kwa wazo la kwanza, ila angalia kama kutoa PDF kunahitaji kulipia kabla hujachora kazi nzima. Njia ninayoiona bora kwa mwenye simu ni kuchora pateni kwa mkono kwenye karatasi ya mistari ya milimita, kuiskani steshenari kwa kipimo cha asilimia 100, kisha kumpa mwenye kompyuta aichore juu yake. Weka rula kando ya mchoro wakati wa kuskani ili kipimo kithibitishike. Kupiga picha kwa simu kunapindisha kingo, na kadiri kamera inavyoinama ndivyo upande mmoja unavyorefuka.

Hatua ya 6: Ipe programu mtihani wa kishika kadi

Usiamue kwa kusoma. Chukua programu mbili, chora kitu hikihiki kwa kila moja, halafu ubaki na ile iliyokupa kazi safi bila kukupigisha kichwa.

Kadi ya benki ina upana wa milimita 85.6 na urefu wa karibu 54, na kitambulisho cha NIDA nacho kina umbo hilohilo. Chora kipande cha nyuma, milimita 98 kwa 70. Chora mfuko wa mbele, 98 kwa 45. Pembe za chini ziwe na mviringo wa milimita 3. Mstari wa mshono upite milimita 3 ndani ya ukingo, chini na pande mbili. Nafasi inayobaki kwa kadi ni milimita 92, yaani zaidi ya sita za ziada, ambazo zinamezwa na unene wa ngozi na kadi ya pili.

Namba hizi zimechaguliwa kwa makusudi. Mstari wa chini una milimita 92, na ukitumia chuma cha kutobolea chenye nafasi ya milimita 4 unapata nafasi 23 kamili, matundu 24, la mwisho likiangukia pembeni bila kubaki kipande. Mviringo wa pembe ni milimita 3 na mshono uko milimita 3 ndani, hivyo tundu la pembeni linakaa katikati kabisa ya mviringo, mbali sawa na ukingo kila upande. Ukipanda ubavuni, tundu la mwisho ndani ya mfuko liko milimita 43 kutoka chini, na linalofuata liko 47, kwenye kipande cha nyuma peke yake. Mdomo wa mfuko uko 45, kati ya matundu hayo mawili, kwa hiyo uzi unaukumbatia mdomo na hauachii kirahisi. Jumla ni matundu 46 nyuma na 44 mbele. Chuma chako kikiwa na nafasi nyingine, tafuta upana mpya unaogawanyika nayo. Hesabu ya aina hii ndiyo inayofanya kuchora kwa kompyuta kuwe na maana, na mteja anaiona kwenye pembe za waleti hata kama hajui aulize nini.

Sasa angalia. Je, uliweza kuandika 98 na ikakubali 98? Matundu yalipangika kwa dakika chache au kwa jioni nzima? Ulipobadili upana kuwa 102 ili kujaribu chuma cha nafasi ya milimita 3, ulilazimika kuanza upya? Mstari wa mshono ukawa 96, nafasi 32 kamili? Peleka steshenari, printi, pima. Iliyofaulu hapa ndiyo yako.

Hatua ya 7: Yale ambayo programu haiyajui

Kompyuta inaamini ngozi haina unene. Waleti ya kukunja ikichorwa na kipande cha ndani chenye urefu sawa na cha nje, ikikunjwa cha ndani kinajikunyata. Ngozi inapokunjwa digrii 180, tabaka la nje linasafiri mbali zaidi kuliko la ndani kwa pai (3.14) mara unene. Ngozi ya milimita 1.2 inadai karibu milimita 3.8. Chora kipande cha ndani kiwe kifupi kwa kiasi hicho, na uvishone huku waleti ikiwa imekunjwa kidogo. Noti nazo zipime mwenyewe kwa rula, ile ndefu uliyonayo mfukoni, halafu uongeze nafasi ya vidole kuiingiza na kuitoa.

Haijui pia kwamba ngozi ya tumboni inavutika na ya mgongoni imetulia. Kwenye kila kipande chora mshale unaoonyesha uti wa mgongo uelekee wapi. Kanda za makubazi zikikatwa kutoka tumboni zitalegea kabla ya mwezi kuisha, hata kama pateni ni kamilifu.

Kwa makubazi, mguu wa mteja uchorwe akiwa amesimama, uzito ukiwa juu ya mguu. Ukiongeza saizi moja kwa hesabu ya Ulaya, urefu wa kalibu unaongezeka milimita 6.67. Programu itakukuzia mchoro wote kwa asilimia, lakini upana wa kanda na nafasi ya matundu virudishe kwenye vipimo vyake vya awali, maana buckle na rivet za duka hazikui na mguu.

Hatua ya 8: Kutoka kwenye karatasi hadi manila

Kipande kikizidi A4, ambayo ni milimita 210 kwa 297, tafuta kwanza kama kuna steshenari yenye A3. Kama haipo, Adobe Reader ina chaguo la "Poster" linalogawa mchoro katika karatasi kadhaa zenye mwingiliano. Hakikisha kipimo humo ni asilimia 100. Weka alama za msalaba kwenye mchoro kabla ya kuugawa, ili unapobandika msalaba ukutane na msalaba. Kisha pima urefu wote wa kipande kilichounganishwa, kwa sababu kosa la nusu milimita kwenye kila ungio linajumlishika.

Bandika karatasi kwenye manila kwa gundi kavu. Gundi ya maji inavimbisha karatasi na kubadili kipimo, na unyevu wa pwani yetu tayari unatosha. Kata, toboa matundu mawili matatu ya mwongozo, kisha ushikize vipande kwa stepla na uingize kadi halisi. Hapo ndipo utajua mfuko unabana. Ikikubali, laminisha manila na ukate tena kwa kisu kikali na rula ya chuma.

Siku utakapopata mtu mwenye mashine ya leza, atataka faili la DXF (faili la michoro ya kiufundi) au SVG, na programu hizi zinakupa: Inkscape zote mbili, LibreCAD ya DXF. Muulize anakata nini, na usikubali akate rekzini ya PVC, ile ngozi bandia ya plastiki. Ikichomwa inatoa hewa yenye klorini inayodhuru mapafu na kula mashine. Ngozi iliyochakatwa kwa kromiamu nayo haifai kwenye leza, moshi wake ni wa hatari.

Kila pateni iandikwe juu yake: jina la kazi, kipande cha ngapi kati ya vingapi, unene wa ngozi uliokusudiwa, nafasi ya chuma cha kutobolea, tarehe, na mstari wa uhakiki wa milimita 50 uliochorwa kwenye faili lenyewe. Mstari huo uwe kwenye kila ukurasa unaoprinti. Msaidizi wako akichukua pateni ukiwa safarini, ataweka rula juu ya mstari huo kwanza, na usiposomeka 50 hatagusa ngozi.